Mashine Inayosema na Mzee Asiyesema

Alhamisi moja tulikwenda kumtembelea mzee wa kanisa aliyekuwa amepatwa na kiharusi. Kwa miaka mingi mzee huyu ndiye aliyekuwa akisoma neno katika ibada ya kwanza, na sauti yake ilijulikana hata kwa watoto wa Shule ya Jumapili. Sasa tulimkuta ameketishwa sebuleni, mkono wa kuume umelala mapajani, na kinywani mwake limebaki neno moja tu: "ndiyo". Ukimwuliza kama ana maumivu, anasema ndiyo. Ukimwuliza kama hana maumivu, anasema ndiyo vilevile.

Tulikuwa tumekwenda na vyombo vya Chakula cha Bwana. Tulipofika mahali pa ungamo la dhambi, tukasita. Hawezi kulitamka ungamo. Akiulizwa kama anatubu na kuamini, jibu lake tutalichukuaje, ikiwa kwa kila swali jibu ni lilelile? Tukafunga kitabu, tukamwombea, tukaaga bila kumpa Sakramenti. Mkewe alitusindikiza hadi njiani. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mchungaji, Mzee anaelewa. Ni mdomo uliokataa."

Jioni hiyohiyo, baada ya darasa la kipaimara, kijana mmoja alituonyesha katika simu yake programu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Aliiagiza iandike sala ya toba kwa Kiswahili. Kabla hatujakaa vizuri kwenye benchi, sala ilikuwa tayari. Ilitaja udhaifu wa mwanadamu, ikataja rehema za Mungu, ikaomba moyo mpya, na kila neno lilikuwa mahali pake. Tuliisifu. Tulimwambia kijana kwamba imepangwa vizuri kuliko sala nyingi tunazozisikia, zikiwamo zetu wenyewe.

Usiku ndipo mambo haya mawili yalipokutana kichwani. Mchana tulimnyima mtu kwa sababu hana maneno. Jioni tukaisifu mashine kwa sababu inayo. Tulikuwa tunapima nini? Makala haya yanatafuta jibu la swali hilo, maana tunaamini si letu peke yetu. Wataalamu wanaochunguza akili ya mwanadamu wanahangaika nalo pia, na kanisa lina jambo la kusikia kutoka kwao na jambo la kuwaambia.

Mashine hii inafanya nini

Programu za namna hii zimejengwa juu ya kile wataalamu wanachokiita modeli kubwa za lugha. Tueleze kwa maneno mepesi. Modeli hupewa maandishi mengi mno: vitabu, magazeti, kurasa za intaneti. Kazi yake ya kwanza ni moja tu, yaani kukisia kipande cha neno kinachofuata. Ikikosea, namba zilizo ndani yake hurekebishwa kidogo, kisha inajaribu tena, na tena, mara zisizohesabika. Modeli ya GPT-3, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwaka 2020, ilikuwa na namba za namna hiyo bilioni 175, na ilijifunza kwa kupitia takriban vipande vya maneno bilioni 300. Baada ya hapo watu huifundisha modeli tena ili ijibu maswali kwa adabu na kwa utaratibu. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ChatGPT, iliyofunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022.

Tusiidharau. Wapo wasemao kwamba ni kasuku tu. Mwaka 2021 Emily Bender, Timnit Gebru na wenzao walitumia mfano huo wa kasuku katika makala iliyosomwa sana. Wapo wanaojibu kwamba huwezi kukisia vizuri neno linalofuata katika hadithi au hesabu bila kujenga ndani yako picha fulani ya mambo yanayosemwa. Mjadala huo haujaisha, na sisi wachungaji si waamuzi wake. Tunaloweza kuliona wenyewe ni hili: mashine inasema kwa ufasaha, na ufasaha huo haikuupata kwa njia tuliyopitia sisi. Haikunyonya, haikuanguka ikijifunza kutembea, haikuonywa na bibi isiguse sufuria iliyo mekoni. Tena ufasaha wake haupungui inaposema lisilo kweli. Iulize aya za Biblia juu ya jambo fulani, na mara nyingine itakupa sura na mstari visivyokuwapo, kwa utulivu uleule.

Kipimo cha zamani

Kwa karne nyingi wenye elimu waliuchukua usemi kuwa alama ya hakika ya akili. Mwaka 1637 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliandika kwamba hata kama mashine ingeundwa ikafanana na mtu kwa mwili, tungeitambua tu, kwa kuwa isingeweza kupanga maneno yake na kujibu ipasavyo kila linalosemwa mbele yake, jambo ambalo hata mtu mwenye akili kidogo sana huliweza. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, alipendekeza kwamba badala ya kubishana kama mashine inafikiri, tuipime kwa mazungumzo: iandikiane na mtu asiyeiona, tuone kama ataweza kuitofautisha na binadamu. Wawili hawa hawakuona sawa kuhusu uwezo wa mashine, lakini kipimo chao kilielekea mahali pamoja. Anayejibu vizuri, huyo ana akili.

Kipimo hicho kilianza kutikisika mapema. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa nyepesi sana ukilinganisha na za leo. Ilichukua maneno ya mtu ikayageuza kuwa swali. Ukimtaja mama yako, iliweza kukuomba ueleze zaidi kuhusu familia. Haikujua mama ni nini. Hata hivyo katibu wake, aliyekuwa amemwona akiiunda kwa miezi mingi, alianza kuzungumza nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka. Alikuwa amezaliwa Berlin katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 familia hiyo iliukimbia utawala wa Wanazi; alijua kinachotokea watu wanapokosea katika kuamua nani ni mtu. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya kwamba zipo kazi ambazo kompyuta haipaswi kukabidhiwa, hata kama inaweza kuzifanya.

Kisa hicho hutumiwa kutufundisha kwamba sisi ndio tunaoweka moyo mahali palipo na maneno. Ni kweli, na si ajabu. Tangu utotoni kila aliyetujibu alikuwa mtu. Lakini mazoea hayo yana upande wa pili ambao tunauona kwa shida zaidi. Mahali pasipo na maneno, tunauondoa moyo. Ndivyo tulivyofanya Alhamisi ile.

Wanayoyaona wachunguzi wa ubongo

Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alipokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa zaidi ya miaka 20 hospitalini mtu huyu hakuweza kusema karibu chochote ila silabi moja, "tan", hata watu wakamwita Tan. Lakini alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa, na maswali ya hesabu ya vitu aliyajibu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kwa sababu upande wa kuume ulikuwa umepooza. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali iliyo kinyume: wagonjwa wanaosema kwa mtiririko, bila kukwama, lakini maneno yao hayashikani na maana, na wanayoambiwa hawayapati. Kukosa lugha namna hii kwa sababu ya kuumia ubongo huitwa afasia.

Karibu na wakati wetu, mwaka 2005, Rosemary Varley na wenzake huko Uingereza walieleza habari za wanaume watatu ambao sehemu za ubongo za lugha zilikuwa zimeharibika vibaya. Sarufi ilikuwa imewaponyoka. Lakini hesabu waliziweza, hata zile za kutoa ambamo ukibadilisha nafasi za namba unabadilisha jibu. Naye Evelina Fedorenko wa MIT, ambaye kwa miaka mingi amepiga picha za ubongo wa watu wakiwa wanafanya kazi mbalimbali, ameonyesha kwamba sehemu zinazoshughulika na lugha hutulia mtu anapofanya hesabu au anapotatua fumbo lisilo la maneno. Mwaka 2024 yeye pamoja na Steven Piantadosi na Edward Gibson waliandika katika jarida la Nature kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano zaidi kuliko kuwa chombo cha kufikiria.

Hapa ndipo modeli za lugha zinapoingia katika uchunguzi wa akili. Mgonjwa wa afasia anaonyesha kwamba lugha inaweza kuondoka na fikra zikabaki. Mashine inatuonyesha jambo hilo kutoka upande wa pili: ufasaha wa lugha unaweza kufika mbali sana bila mambo mengi ambayo sisi tulidhani lazima yautangulie. Vitu viwili tulivyozoea kuviona vimefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja, sasa tunaviona kila kimoja peke yake.

Liko na la pili, nalo linahusu watoto. Tangu miaka ya 1950 Mmarekani Noam Chomsky amefundisha kwamba mtoto huzaliwa na uwezo maalumu wa lugha, kwa kuwa anayoyasikia ni machache mno kumfundisha yote anayokuja kuyajua. Mwaka 2023 Piantadosi aliandika kwamba modeli hizi zimeiangusha hoja hiyo, maana zimejifunza sarufi kutokana na maandishi matupu. Mwaka huohuo Chomsky na wenzake wawili waliandika katika gazeti la New York Times kwamba mashine hizi ziko mbali sana na jinsi mwanadamu anavyofikiri na kutumia lugha. Sisi tunatazama ulinganisho mmoja tu. Wataalamu hukadiria kwamba mtoto mpaka afike miaka 13 amesikia maneno yasiyozidi takriban milioni 100. Modeli ya GPT-3 ilipitia zaidi ya mara 2,000 ya hayo. Mtoto anapata kwa kidogo kile ambacho mashine inakipata kwa bahari nzima. Mtoto haletewi maneno matupu. Anaonyeshwa kwa kidole, anabebwa, anataka kitu na kukatazwa, anaumia na kubembelezwa. Neno "moto" kwake lina joto.

Lugha yetu ina mfano mzuri hapa. Kiswahili kinakiita chombo cha angani "ndege", kama kilivyomwita kiumbe mwenye mabawa. Wote wawili wanaruka, na wote wawili wanatii kanuni zilezile za hewa. Aliyesoma jinsi chombo kinavyoruka ataelewa zaidi kwa nini bawa la kipanga limejipinda vile. Lakini haangui mayai, hahami majira ya baridi, na hakuna atakayeuchunguza mtambo wake ili ajue ndege anahisi nini mwewe akipita juu ya kiota. Kufika mahali pamoja si kupita njia moja. Modeli za lugha zinaweza kutufundisha mengi kuhusu lugha, kama chombo kile kilivyotufundisha kuhusu hewa. Lakini mtu akituambia kwamba kwa sababu mashine inasema, basi mwanadamu naye ni mashine ya kukisia maneno na si zaidi, atakuwa amesahau kwamba jina moja limebeba vitu viwili.

Tulivyorudi kwa Mzee

Jumatatu tulirudi. Tulimwamkia Mzee shikamoo, akajibu ndiyo. Safari hii hatukumwuliza maswali ya mdomo. Tulimwomba atuonyeshe kwa mkono wa kushoto Biblia ilipo. Akaonyesha. Tukamwomba atuonyeshe mlango, kisha picha ya harusi ya binti yake. Akaonyesha, na alipofika kwenye picha akacheka. Mama alisimama mlangoni pa jikoni na ufagio mkononi, hakusema neno. Hakuwa na haja ya kusema. Tukamwomba Mzee radhi. Tukasoma ungamo sisi kwa ajili yetu na kwa ajili yake. Wakati wa kupokea ulipofika, alitumia mkono wa kushoto kuunyanyua ule wa kuume, akakunjua vidole vyake kimoja kimoja, akauweka wazi mapajani.

Furaha ya siku ile ilikuwa kubwa, na ndani yake tulikaribia kukosea mara ya pili. Tulirudi nyumbani tukijiambia kwamba sasa tuna hakika, kwa kuwa Mzee ameshinda mtihani. Ni kweli kwamba kuonyesha kwa mkono ni mtihani wa haki zaidi kuliko kutamka, na tunawashukuru madaktari waliotufundisha. Lakini je, angeshindwa? Katika usharika huohuo yuko bibi aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau. Hajui Biblia iko wapi. Siku nyingine hamjui mwanawe aliyemzaa. Yuko na mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili, ambaye mama yake humleta kanisani mgongoni ingawa amekuwa mkubwa. Hawa watashinda mtihani gani? Kama tumeondoa kizingiti cha ufasaha na kuweka kizingiti cha uelewa, tumewahamisha tu watu walioachwa nje, hatujaufungua mlango.

Hapa tunalisikia neno la zamani kuliko la Descartes. Mwaka 1536, miaka 101 kabla yake, Martin Luther aliandika huko Wittenberg hoja 40 juu ya mwanadamu, zijadiliwe chuoni. Anaanza kwa kuwaheshimu wanafalsafa: wanamwita mwanadamu mnyama mwenye akili, na Luther anakubali kwamba akili ni zawadi iliyo juu ya vitu vyote vya maisha haya, mama wa sheria, wa tiba na wa kazi za mikono. Haitukani. Lakini anasema maelezo hayo yanatosha kwa mwanadamu wa maisha haya tu. Hayajui alitoka wapi wala anakwenda wapi. Kisha, akimfuata mtume Paulo katika Waraka kwa Warumi, anatoa maelezo yake mwenyewe, nayo ni mafupi ajabu: mwanadamu ni yule anayehesabiwa haki kwa imani.

Tuyatazame vizuri maelezo hayo. Yule wa wanafalsafa ni mtu anayefanya: anafikiri, anasema, anajibu. Yule wa Luther ni mtu anayefanyiwa. Anapokea. Kitu kinachomfanya kuwa yeye kiko mkononi mwa Mungu, hakiko katika sehemu ya ubongo inayoweza kuharibiwa na damu iliyoganda. Ndiyo sababu kanisa letu linabatiza watoto wachanga ambao hawawezi kutaja hata jina lao. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther anafundisha kwamba nguvu ya ubatizo inatoka kwenye Neno la Mungu, haitengenezwi na uwezo wa anayebatizwa. Tunaliamini jambo hili mtoto akiwa na siku 40. Kwa nini tulisahau mtu alipofika miaka 74?

Maandiko nayo yanatujua sisi makuhani. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana anaomba hekaluni kwa uchungu. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli anatazama kinywa chake na kuamua kwamba amelewa. Mtumishi wa Mungu alikuwa karibu naye kuliko watu wote, na ndiye aliyekosea, kwa sababu alisoma midomo. Lakini alipoelezwa alibadilika akambariki, na hilo nalo limeandikwa kwa ajili yetu. Paulo anawaeleza Warumi kwamba sisi sote hatujui kuomba ipasavyo, na kwamba pale maneno yetu yanapokwisha Roho mwenyewe anazichukua haja zetu mbele za Mungu. Kwa hiyo, mbele za Mungu, hakuna kati yetu aliye fasaha. Mzee wetu yuko wazi zaidi tu kuhusu hali ambayo ni yetu sote.

Ndugu mchungaji mwenzetu, tulipomsimulia, alituuliza swali la haki: je, mtume hakuwaagiza Wakorintho kila mtu ajihoji kabla ya kula? Aliagiza. Lakini neno hilo linamwelekea mtu na dhamiri yake, hasa wale waliokuwa wanakula huku wakiwadharau maskini wa kanisa. Halimpi mchungaji mizani ya kupimia ufasaha wa mgonjwa. Utaratibu wa kanisa una sababu zake, nasi tunaulinda; hatuwagawii watu Sakramenti bila kuwafahamu. Lakini Mzee tulimfahamu. Tulikuwa tumemwona akipokea kwa miaka mingi. Kilichobadilika kilikuwa mdomo.

Na sala ile ya mashine?

Msomaji anaweza kuuliza: kama maneno si kipimo, na akili si kipimo, tutaikataaje mashine? Tungejibu kwa uangalifu. Hatupendi kumtetea mwanadamu kwa kuorodhesha mambo ambayo mashine haijayaweza, maana orodha hiyo inafupika kila mwaka, na heshima iliyojengwa juu yake itafupika nayo. Tunarudi kwenye sala ya toba tuliyoonyeshwa. Maneno yake yalikuwa mema. Lakini hapakuwa na deni. Hakuna aliyekuwa amemkosea jirani, hakuna aliyeogopa kufa, hakuna aliyekuwa na njaa ya mkate huo. Palikuwa na toba, na hapakuwa na wa kusamehewa. Mwana wa Mungu alitwaa mwili wetu, wenye damu inayoweza kuganda na ubongo unaoweza kuumia. Aliyekuja kumtafuta ni huyu.

Hatusemi maneno ya sala ile hayana faida. Mtu aliyepungukiwa na maneno anaweza kuyachukua akayafanya yake, kama anavyochukua yaliyochapwa katika kitabu cha liturjia. Yakishaingia katika kinywa chenye deni, yanakuwa sala. Kijana wetu tulimwambia hivyo Alhamisi iliyofuata, na tukamwuliza: katika sala ile, ni mstari upi ulio wako? Alikaa kimya muda mrefu. Hatukumharakisha.

Jambo hili limebadilisha pia darasa letu la kipaimara. Luther alipoandika Katekisimo Ndogo, baada ya kila amri na kila kifungu cha imani aliweka swali la maana. Sisi tumeyafanya hata majibu ya swali hilo kuwa ya kukariri, na aliyeyatoa bila kukwama tukamwita amefaulu. Sasa simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inafaulu kuliko wote. Hatujaacha kukariri, neno lililowekwa moyoni utotoni litamfaa mtu atakapokuwa kitandani. Lakini hatuliiti tena imani. Tunawapeleka vijana wakakae na wagonjwa, na wakirudi tunawauliza wameona nini.

Ndugu msharika, huenda nyumbani kwako yuko mtu ambaye maneno yamemwacha, au hayajawahi kumfikia. Usimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo. Mwamkie, mngoje, mwonyeshe kitu, shika mkono wake unapoomba. Na kama sisi wachungaji tukifika kwako tukafunga kitabu mapema, utusindikize hadi njiani, utuambie kama yule mama alivyotuambia. Tutakushukuru.